Nianzie wapi kusoma historia na fikra za Wayahudi?

Swali

Salamu kwenu wasomaji. Ninafundisha historia katika shule ya sekondari, na kwa muda mrefu nimeona kwamba Wayahudi hutajwa mara mbili tu darasani: kwanza kama Bani Israili wa vitabu vitakatifu, kisha kama watu milioni 6 hivi waliouawa na Wanazi. Katikati kuna zaidi ya miaka 1,800 ambayo mwanafunzi akiniuliza juu yake sina la kumjibu. Naomba mnielekeze kitabu ambacho mtu asiyejua Kiebrania anaweza kukianza na kukimaliza, kinachoeleza jinsi watu hawa walivyoishi na walivyofikiri, na si jinsi walivyoteswa tu.

Jibu la 1

Mwalimu, heshima yako. Ningekushauri uanzie Misri, si Ulaya. Katika sinagogi la Ben Ezra huko Fustat kulikuwa na chumba cha kuwekea makaratasi yaliyochakaa, kwa sababu haikufaa kuyaharibu maandishi yenye jina la Mungu. Chumba hicho huitwa geniza, neno ambalo mwanahistoria S. D. Goitein alilihusisha na janaza la Kiarabu, ambalo kwetu limekuwa jeneza. Pamoja na vitabu vya dini ziliingia humo barua za wafanyabiashara, mikataba ya ndoa na hesabu za madeni, na Solomon Schechter, mwanazuoni wa Chuo Kikuu cha Cambridge huko Uingereza, alipofika mwishoni mwa 1896 alipata ruhusa ya kupeleka chuoni kwake vipande zaidi ya 190,000.

Kazi kuu ya Goitein ni A Mediterranean Society, yenye majuzuu 5, lakini usianze nayo. Anza na Letters of Medieval Jewish Traders ya 1973, ambamo utazisoma barua zenyewe katika tafsiri. Mojawapo iliandikwa na Daudi bin Maimun katika bandari ya Aidhab, Bahari ya Shamu, akimwandikia kaka yake Musa. Anaeleza kwamba yeye na mwenzake mmoja waliuacha msafara na kuvuka jangwa peke yao, na kwamba walipokuwa wakishusha mizigo langoni mwa mji waliwaona wenzao wa msafara wakiingia, wameporwa na kujeruhiwa, na baadhi yao wamekufa kwa kiu. Sokoni hakupata bidhaa ya maana isipokuwa nili, kwa hiyo akaamua kuendelea hadi India. Alizama katika Bahari ya Hindi, na Musa aliandika baadaye kwamba aliugua kitandani kwa karibu mwaka mzima. Sijui barua nyingine ya zama hizo iliyonigusa kama hiyo.

Jibu la 2

Nakubaliana na ndugu hapo juu, ila barua peke yake hazitoshi kwa mtu anayetaka kujua jinsi walivyofikiri. Huyo Musa bin Maimun, mzaliwa wa Cordoba aliyekuja kuwa tabibu wa wakuu wa dola ya Salahuddin, ndiye aliyeandika Dalalat al-Hairin, yaani Mwongozo wa Waliotatizika, uliokamilika karibu na 1190. Aliuandika kwa Kiarabu lakini kwa herufi za Kiebrania, kama vile wazee wetu wa pwani walivyoandika tenzi za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Sehemu ya kwanza inashughulika sana na maneno kama mkono wa Mungu na uso wa Mungu, na inakataa katakata kwamba Mungu ana mwili. Aliyewahi kusoma tauhidi hatajiona mgeni. Ni kitabu kigumu, na mwandishi mwenyewe anasema katika utangulizi kwamba ameweka humo kauli zinazopingana kwa makusudi. Soma utangulizi na waraka kwa mwanafunzi wake Yusuf, katika tafsiri ya Shlomo Pines ya 1963, kisha upumzike kabla ya kuendelea.

Jibu la 3

Mpaka hapa wametajwa wanaume tu. Naongeza kumbukumbu za Glikl, mwanamke mfanyabiashara wa Hamburg, aliyeanza kuandika kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya, mwaka 1691 baada ya kufiwa na mumewe. Anasema aliandika ili kuyafukuza mawazo ya huzuni katika usiku asiopata usingizi, na ameyagawa maandishi yake katika vitabu vidogo 7 kwa ajili ya watoto wake. Utakuta humo posa, mahari, tauni na bei ya lulu katika ukurasa mmoja na dua. Kwa mtu anayeanza, hiki ndicho ningekitanguliza.

Mwuliza swali

Nawashukuru sana. Nitaanza na zile barua, kwa sababu muhula ujao tunaingia kwenye biashara ya Bahari ya Hindi, na ile ya Daudi nitawasomea wanafunzi yote. Glikl atafuata. Mwongozo nitauomba maktaba nikiwa likizoni.