Geti la chini linafungwa usiku, nikae au nihame?

MamaZuhura: Wadau, habari za jioni. Nipo Joburg, nimepanga ghorofa ya tatu katikati ya mji. Chumba chenyewe ni kipande cha sebule kilichogawanywa kwa plaiwudi. Jirani akikohoa, nasikia. Umeme ukikatika kila mtu na mshumaa wake. Kinachoninyima usingizi ni geti: mlinzi analipiga kufuli saa nne na kuondoka na ufunguo. Ila kodi ni nafuu, jamani. Mngekaa?

Fundi_Saidi: Dada, hama. Umesahau moto wa jengo la Usindiso, Marshalltown, hapo hapo Joburg? Usiku wa kuamkia 31 Agosti 2023 walikufa watu 76, Watanzania wakiwemo. Ghorofa tano tu! Vyumba vya kugawa hivyo hivyo, mageti yamefungwa, watu wakaruka madirishani. Na mwenye jengo alikuwa manispaa yenyewe, eti.

MamaZuhura: Kaka Saidi, nimesikia. Lakini mwenye nyumba hanirudishii hela ya dhamana kabla mwezi haujaisha.

Bi Rukia: Mwanangu, hela inatafutwa. Mpaka uhame, mbane mlinzi akupe nakala ya ufunguo, akikataa wapangaji mwendeeni pamoja. Usilale na mshumaa unawaka, nunua taa ya kuchaji. Moshi ukiingia, inama chini kabisa, ndiko kwenye hewa. Na dirisha lako lina nondo?

MamaZuhura: Lina nondo, bibi. Zimechomelewa.

Fundi_Saidi: Basi hama wiki hii.