Naomba ushauri: meli ya kitalii na watoto wadogo, Mediterania au Norway?

Habari zenu wakuu. Tunaishi Uingereza na mwezi wa nane tunataka safari ya wiki moja ya meli ya kitalii. Mkubwa ana miaka minne. Mdogo, mwaka na nusu, bado anavaa nepi, na meli nyingi haziruhusu mtoto wa nepi bwawani.

Tumebakiwa na ratiba mbili. Ya kwanza inaanzia Barcelona, karibu kila siku bandari mpya: Marseille, Genoa, Civitavecchia (bandari ya kushukia kwenda Roma), Napoli. Jua la Agosti huko si mchezo, na Civitavecchia hadi Roma ni zaidi ya saa moja barabarani. Kwenda na kurudi na mtoto anayedai usingizi saa saba mchana, mmh!

Ya pili inaondokea Southampton kwenda Norway. Hakuna ndege, ila siku za baharini ni nyingi, na Bahari ya Kaskazini huchafuka.

Wakala nimemuuliza, kwake zote nzuri.

Mliosafiri na watoto wa umri huu, ipi haikuwachosha sana? Na tukichagua Barcelona, kuna ubaya siku ya Roma tukibaki zetu melini?