Msaada: nataka kuifunga mwenyewe kompyuta ya kupoozwa kwa maji, bajeti ndogo, wapi nibane na wapi nisibane?

Kelele_Sitaki

Wakuu habari zenu,

Nimesoma mpaka kichwa kinauma sasa naomba wenye uzoefu mnisaidie. Nina mashine ya gemu na kurenda video, prosesa ni Ryzen 7 5700X, kadi ya picha ni RTX 3080, kesi ni ya saizi ya kati, mbele inaingia rejeta (ile ya kupoozea maji kwa feni) ya milimita 360 na juu inaingia 240 (nimepima kwa rula sijaamini karatasi ya kesi). Kinachoniudhi ni kelele, nikianza kurenda ile kadi inanguruma kama inataka kupaa na joto liko kwenye digrii 80 huko.

Nataka kufunga maji, na sio AIO ile inayokuja imezibwa kiwandani, nataka ya kujiunganishia mwenyewe kuanzia bloku ya prosesa (kile kipande cha chuma kinachokaa juu ya chipu maji yapite ndani), bloku ya kadi, pampu, tenki mpaka rejeta. Shida ni hela jamani. Nilianza kupiga hesabu ya mabomba magumu, yale ya kupasha moto ukayapinda, nikakuta fitingi zake (viungio vya mabomba) peke yake zinakaribia bei ya pampu nikafunga ukurasa. Kuna seti nzima za bei rahisi nimeziona zina rejeta ya alumini, zinafaa? Na maji yenyewe ni maji gani, maana wengine wanasema ya bomba, wengine wanasema yale ya rangi, wengine wanamwaga kulanti ya gari. Halafu hofu yangu kubwa ni kuvuja, hii kadi ikiungua sina nyingine.

Mtundu_wa_Nyaya

Mkuu karibu, ila kabla hujatoa hata senti tano jibu hili, unataka utulivu au unataka urembo? Kama ni utulivu tu, ingia kwenye programu ya kadi ushushe volti. Hizo 3080 zinatoka kiwandani zimepewa umeme mwingi, wati 320, ukiiweka kama volti 0.85 unapunguza wati kibao na spidi inashuka kidogo sana hata hutaiona kwa macho. Ukishamaliza rekebisha mpangilio wa feni zisipande kwa papara. Bure kabisa hiyo.

Na nikwambie ukweli ambao wauza bloku hawausemi, maji hayakuongezei fps (picha kwa sekunde kwenye gemu) za maana. Asilimia chache basi. Hela hiyo hiyo ukiiweka upande ukauza na kadi yako unapanda daraja zima. Sikukatishi tamaa, nasema ujue unanunua nini.

Bi_Sakiti

Mtundu kasema kweli kuhusu volti, fanya hata kama utafunga maji maana joto ambalo halijazalishwa halihitaji rejeta. Ila mwenzetu keshasema anataka kujifungia mwenyewe, tumsaidie alipo.

Ndugu yangu, hapo mgonjwa ni kadi, prosesa haina shida. 5700X ni wati 65 kwenye karatasi na hata ikibanwa inakula kama 76 hivi, hiyo feni ya kawaida ya mnara inaimudu bila jasho. Kadi ndiyo ina wati 320. Kwa hiyo kama hela ni kidogo anza na kadi peke yake, prosesa iache na feni yake, bloku ya prosesa utaongeza ukipata hela nyingine, unakata mpira mmoja tu unaingiza katikati. Watu wengi wanaanza kinyume, wanapooza prosesa ambayo haikuwa na shida halafu kadi inaendelea kulia pale pale. Kadi kama hiyo ikifungwa bloku kawaida inatoka kwenye 75 au 80 inakaa 50 na kitu, na feni za rejeta zinazunguka taratibu, utulivu unaoutafuta ndio huo.

Bloku ya kadi ndiyo sehemu ya kuwa makini kuliko zote. Haitoshi kusema "ni ya 3080", kila kiwanda kinapanga vitu vyake kwenye bodi, kapasita imehamia sentimita moja tu bloku haikai. Tafuta jina kamili la kadi yako pamoja na toleo, ulinganishe na orodha ya mtengeneza bloku. Na pedi za joto soma unene kwenye kijitabu cha bloku, pale panaposema 1 mm weka 1 mm usiweke 1.5 eti ndiyo ulizokuwa nazo, ukizidisha bloku inainuka haigusi chipu vizuri, ukipunguza memori ndiyo hazigusi, na memori za 3080 ni GDDR6X zina joto lake hizo usizichukulie poa.

Sasa pa kubana. Mabomba magumu achana nayo, ni urembo, maji hayajui yamepita wapi. Chukua mpira laini, na ukipata ule mweusi wa EPDM (aina ya mpira) ni bora zaidi kuliko ule mwangavu, kwa sababu mipira mingi myangavu inatoa mafuta yake ya plastiki taratibu yanageuka utando mweupe ndani ya bloku. Saizi 10/16 ni mnene, ndani milimita 10 nje 16, haikunjiki ovyo kwenye kona kama 10/13, unaokoa fitingi za kona ambazo ndizo zinamaliza hela. Feni tumia ulizonazo kama zinasukuma hewa vizuri. Rejeta nunua iliyotumika, ni shaba na shaba nyeupe, haina cha kuharibika ndani kama haijatobolewa na skrubu ndefu ya feni, isuuze tu kwa maji ya moto mpaka yatoke safi (hata mpya isuuze, zinabaki na uchafu wa kulehemu ndani utashangaa).

Pasipobanwa ni pampu. D5 au DDC (ni aina mbili za pampu) ya jina linalojulikana, basi. D5 imepoa zaidi na ina kelele ndogo, DDC ni fupi na ina nguvu ila inapata moto. Ikifa pampu hakuna kingine kinachofanya kazi.

Fundi_Rejeta

Ya alumini HAPANA. Bloku yako ni shaba, hata ile inayong'aa ni shaba imepakwa nikeli. Shaba na alumini zikikutana kwenye maji yale yale alumini inaliwa, polepole lakini inaliwa, unapata uji wa kijivu kwenye vijifereji vya bloku. Hizo seti za bei rahisi zinaenda vizuri kama kila kitu ndani yake ni alumini na hutachanganya milele, ila kesho utataka kuongeza bloku ya kadi na bloku nyingi za kadi ni za shaba, umekwama. Shaba, shaba nyeupe ya fitingi, nikeli, hizo zinakaa pamoja.

Maji: ya bomba yana chumvi na chokaa, usiweke. Ya rangi nzito kama maziwa yana chembe ndani, yanapendeza wiki za mwanzo halafu chembe zinatuama, usiweke kama hutaki kufungua bloku kila mara. Kulanti ya gari ni sumu na nzito, inabeba joto vibaya kuliko maji, wapo wanaoichanganya kidogo na maji ikawafaa kwa ajili ya kutu ila sikushauri kwa mara ya kwanza. Rahisi na salama ni maji ya mvuke, haya wanayouza kwa ajili ya kuongezea betri, unaweka na dawa ya kuzuia kutu na ukungu inayouzwa kwa kazi hii. Soma chupa vizuri lakini, dukani rafu hiyo hiyo kuna asidi ya betri nayo watu wanaiita maji ya betri, ukikosea hapo tutaongea mengine.

Na mtu asikudanganye kwamba kuna maji yasiyopitisha umeme. Yakiwa kwenye chupa ndiyo hayapitishi, yakikaa ndani ya shaba muda kidogo yanaokota chembe za chuma yanapitisha.

Kelele_Sitaki

Aisee asanteni sana, nimewapata. Nimeshusha volti jana kama Mtundu alivyosema na kweli kelele imepungua ila bado inasikika nikirenda muda mrefu, kwa hiyo naendelea na maji, kadi kwanza prosesa baadaye.

Maswali mawili tu. Rejeta nianze na 360 peke yake au na 240 pia? Na je mpangilio, lazima maji yatoke pampu yaende rejeta kwanza ndiyo yaingie kwenye kadi? Nimeona watu wanagombana kwa hili.

Bi_Sakiti

Wanagombania kitu kidogo. Maji yanazunguka haraka kiasi kwamba yote yanakaribia joto moja, tofauti ya kabla na baada ya bloku ni digrii moja au mbili. Panga kwa mpira mfupi na usiokunjika. Sheria moja tu ndiyo haina mjadala, tenki likae juu ya pampu na limwagie pampu moja kwa moja, kwa sababu pampu inalainishwa na maji yenyewe na ukiizungusha kavu hata muda mfupi unaiua.

Rejeta, makadirio ya mafundi wengi ni sehemu moja ya feni ya 120 kwa kila wati 100 ukitaka feni zitulie. Kadi 320 ukishaishusha volti iko chini ya hapo, 360 ina sehemu tatu, inatosha kuanza. Ukiongeza prosesa ndiyo uweke na 240 juu. Ila kama 240 iliyotumika unaipata kwa bei nzuri sasa hivi ichukue, rejeta ya ziada haijawahi kumdhuru mtu zaidi ya mfuko.

Kitu kingine, feni usizifunge kwenye joto la prosesa, linapanda na kushuka kila ukifungua programu feni zitakuwa zinakoroma na kunyamaza kutwa nzima. Nunua kihisi joto cha maji, ni bei ndogo, kinaingia kwenye fitingi na kichwa chake kinachomekwa kwenye mazabodi kama ina pini zake, feni zifuate joto la maji ambalo linapanda taratibu. Maji yakizidi joto la chumba kwa digrii 10 uko vizuri sana, 15 bado poa.

Fundi_Rejeta

Kuhusu kuvuja, hofu ni nzuri, itakufanya usiwe na haraka. Fitingi zote ni nyuzi za skrubu za saizi ya G1/4, kaza kwa mkono tu, koleo liache kwenye boksi. Kinachozuia maji ni oringi ya mpira, ukikaza kwa nguvu unaikata. Mpira kata kwa kisu kikali, sawasawa, ukikata mshazari fitingi haiukamati upande mmoja. Kama fitingi za kukaza kwa pete zimekushinda bei tumia zile za meno na klampu ya chuma, hazina sura ila hazivuji.

Ukimaliza kuunganisha usiwashe kompyuta. Pawa saplai toa nyaya zote za mazabodi na kadi, bakisha pampu tu, halafu kwenye plagi kubwa ya pini 24 unganisha waya wa kijani na mweusi wowote ili iwake yenyewe. Kama nyaya zako zote ni nyeusi usibahatishe, kuna kiplagi kidogo cha kazi hiyo kinauzwa. Jaza tenki, washa pampu sekunde chache, zima kabla tenki halijakauka, jaza tena, hivyo hivyo mpaka maji yasishuke. Inamisha kesi huku na huku mapovu yatoke. Tandika karatasi nyeupe za jikoni chini ya kila fitingi, nyeupe kwa sababu tone linaonekana, na uiache pampu izunguke saa 24. Ikitokea tone, kwa kuwa hakuna umeme kwenye bodi unafuta, unakausha vizuri, unaendelea.

Na weka valvu ya kumwagia maji sehemu ya chini kabisa. Wote wanaoiruka wanaijutia siku ya kubadilisha maji.

Mtundu_wa_Nyaya

Hahaha mmeshamuingiza chama. Haya basi na mimi nichangie, fitingi hesabu kabla ya kununua maana ndipo bajeti inapotoroka: kila kifaa kina mlango wa kuingia na wa kutoka. Kadi 2, rejeta 2, pampu na tenki 2, hizo ni 6. Valvu unahitaji kiungo cha njia tatu na fitingi yake ya ziada, nunua na moja ya akiba. Halafu pima unene, rejeta ya milimita 30 na feni ya 25 ni 55 mbele, angalia kadi yako haigongi. Ukipata bloku kadi inakuwa fupi kidogo mara nyingi kwa sababu lile joho la feni linatoka.

Kelele_Sitaki

Nimepima, toka feni za mbele zilipo sasa mpaka kadi kuna milimita 40, kwa hiyo rejeta ya 30 inaingia. Orodha yangu imekuwa: bloku ya kadi (toleo nimelihakiki), D5 yenye tenki juu yake, 360 ya shaba iliyotumika, mpira wa EPDM 10/16, fitingi 8, njia tatu na valvu, kihisi joto, maji na dawa. Hiyo 240 nitasubiri.

Je njia ya hewa, feni za rejeta ya mbele zivute hewa ya nje au zitoe?

Bi_Sakiti

Zivute za nje. Hewa ya chumba ndiyo ya baridi kuliko zote unayoweza kuipata, ipitishe kwenye rejeta kwanza, feni za juu na nyuma zitoe. Prosesa yako itavuta hewa ya uvuguvugu kidogo ila kwa wati 76 haitalalamika. Na chujio la vumbi usilitoe, mapezi ya rejeta yakijaa vumbi kelele inarudi ile ile.