Mjadala: Anayesomea usanifu wa jukwaa apewe mkopo wa serikali au ajitegemee?

Mleta mada, Kampala
Mikopo ya wanafunzi wa vyuo hapa Uganda ilianza 2014, na tangu hapo kipaumbele ni kozi za sayansi. Mpwa wangu kamaliza S6 (kidato cha sita), anataka sanaa za maonyesho, hasa kubuni mandhari ya jukwaa. Baba yake kagoma kulipa. Mimi nasema mkopo apewe. Kuiweka kozi hii kwenye kapu la "sanaa tu" ni uvivu wa kufikiri. Mbunifu wa jukwaa anatengeneza modeli kwa kipimo cha 1 kwa 25, anakokotoa aliyekaa kiti cha pembeni ataona nini, na taa nyekundu ikiangukia ukuta wa kijani ukuta utageuka rangi gani. Hiyo si hesabu?

Mama wa duka, Jinja
Bwana, hiyo hesabu haitibu malaria. Na nimesikia humo kuna somo la kuutazama mchezo wa kuigiza na kuuthamini. Yaani kodi yangu imfundishe mtoto wa mtu kupiga makofi? 2022 mwalimu wa sayansi mwenye shahada kapandishiwa mshahara hadi shilingi milioni 4, wa sanaa wakagoma mpaka wakachoka. Soko limeshasema.

Mwalimu mstaafu, Mbale
Mama, pole, lakini hapo soko halikusema kitu. Mshahara ule ulipangwa na serikali. Na kuhusu makofi: enzi za Amin vikundi vya maigizo vilisema kwa mafumbo yale ambayo magazeti hayakuthubutu, na ukumbi ukaelewa. Byron Kawadwa, mkuu wa Jumba la Taifa la Maonyesho, aliuawa 1977. Hadhira inayojua kuusoma mchezo hufundishwa. Ndiyo maana tangu 1965 wanafunzi wa Makerere walizunguka na michezo yao bure, kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo, wakacheza kwa watu ambao hawakuwahi kuingia ukumbini. Siku hizi wangapi wanafanya hivyo? Hapo ndipo ninapowalaumu wasomi wetu.

Fundi, Ndeeba
Mzee umesema. Sasa nisikilizeni mimi ninayepiga misumari. Ukuta wa jukwaani ni fremu ya mbao nyembamba, unaiwamba kitambaa cha marekani, unaipaka gundi iliyochanganywa na maji. Ikikauka kitambaa kinakaza kama ngoma, ndipo unapaka rangi. Nyuma unaweka mhimili na mfuko wa mchanga, la sivyo mwigizaji akifunga mlango kwa hasira nyumba nzima inatikisika na watu wanacheka pasipochekesha. Kuna kijana wa chuo aliniletea mchoro mzuri ajabu, ukuta wa kipande kimoja, mita nne kwenda juu. Tukaujenga. Mlango wa ukumbi ulikuwa mita mbili na nusu. Tuliukata kwa msumeno pale nje, mvua inanyesha. Mkopo sawa, lakini chuo kisicho na karakana kisipewe hata senti.

Mleta mada
Hilo sharti nalikubali kwa mikono miwili. Kozi iwe na karakana, na mwanafunzi asihitimu kabla hajajenga jukwaa likachezewa na likabomolewa. Mtaala mpya wa sekondari wa 2020 una sanaa za maonyesho. Watoto hao watafundishwa na nani, na watachezea wapi, kwenye meza za kulia chakula?

Mama wa duka
Maneno matamu. Mnanijibu kila kitu isipokuwa deni. Atalilipa kwa nini?

Fundi
Kwa kwanjula, mama, zile sherehe za Waganda za kumtambulisha mchumba nyumbani. Mimi michezo ya jukwaani hainilishi, nisiwadanganye. Mahema, mapazia, geti la maharusi, jukwaa la wazee: hayo yananilipia karo ya watoto. Kazi ni ileile, mwenye sherehe ndiye mwenye pesa.

Mama wa duka
Basi si umejijibu? Kupamba harusi kunahitaji miaka mitatu ya chuo?

Fundi
Mimi sikwenda chuo, kwa hiyo hapo sitasema. Ila huyo mpwa aje kwangu likizo hii, wakati nyie mnabishana. Ada hakuna. Chakula cha mchana anajilipia.