Naomba ushauri: Kijerumani cha kazini kinanivuruga kabla ya mtihani

Wakuu, habari zenu. Niko Dortmund, Ujerumani, mwaka wa kwanza wa mafunzo ya ufundi bomba. Juzi fundi wangu kanyoosha mkono: "Gib mir mal den Mottek." Nikampa spana. Kumbe anataka nyundo! Mzee mmoja pale kazini akanieleza kuwa hilo ni neno la Kipolandi, młotek, lililoletwa na watu waliohamia migodi ya makaa ya mawe ya Ruhr, eneo letu hili, karne ya 19. Hata Grenze (mpaka) na Gurke (tango) yametoka lugha za Kislavi. Vijana wenzangu nao kila sentensi "wallah", ya Kiarabu. Hiyo hainisumbui, wallahi yetu tumeizoea.

Shida ni kwamba mtihani wangu wa kuzungumza Kijerumani wa B2 (kiwango cha juu ya kati) ni mwezi ujao, na maneno haya yananitoka yenyewe. Mwalimu anakunja uso. (Sisi neno "shule" tulilipokea kwa Wajerumani bila kununa!) Nikiyaacha hata kazini, wataniona najidai. Mliopitia huku, mliwezaje kutenganisha? Nijirekodi nyumbani, au kuna njia bora zaidi?