Spektroskopu ya kipande cha DVD: mistari myeusi ya jua inajificha wapi?

mwl_maabara

Wakuu, salaam. Nimetengeneza spektroskopu ya darasani (chombo cha kuupasua mwanga uwe rangi zake) kwa boksi la viatu lenye urefu wa sentimita 30. Upande mmoja nimechana ufa kwa kisu, upana wake kama milimita 1. Upande wa pili nimebandika kipande cha CD, na picha napiga kwa kamera ya simu.

Balbu ya enaji seva inatoa vipande vya rangi vilivyoachana: zambarau, bluu, kijani kali, machungwa, nyekundu. Balbu ya LED inatoa rangi zilizoungana, ila kuna kiza kidogo baada ya bluu. Jua nalipata kupitia karatasi nyeupe iliyowekwa juani, na hapo naona utepe laini wa rangi, hakuna mstari hata mmoja.

Nauliza mambo matatu. Mistari myeusi ya Fraunhofer, ile inayokatiza utepe wa rangi za jua, ambayo vitabu vinaichora waziwazi imeenda wapi? Nitajuaje urefu wa wimbi wa kila rangi bila kukisia? Na kwa kuwa kijani ya enaji seva inang'aa kwenye picha kuliko nyekundu, naruhusiwa kuwaambia wanafunzi kwamba kijani ndiyo yenye nguvu zaidi?

---

FundiLenzi

Mwalimu, mchawi wako ni ufa. Kila mstari unaouona kwenye spektra (utepe wa rangi) ni picha ya ufa wenyewe, na kila urefu wa wimbi uliomo kwenye mwanga unachora picha yake mahali pake. Ufa ukiwa mpana, picha zinapandana.

Hesabu ya upana wa kila picha ni fupi: chukua upana wa ufa, gawanya kwa umbali kutoka ufa hadi kwenye CD, kisha zidisha kwa nafasi iliyopo kati ya mfereji na mfereji wa CD, ambayo ni nanomita 1600 (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita). Kwako ni 1 ÷ 300 × 1600, yaani nanomita 5.3. Mistari mingi ya jua ina upana wa sehemu ndogo tu ya nanomita moja, kwa hiyo imemezwa. Mstari unaong'aa juu ya giza ukitanuka bado unaonekana, unakuwa mnene tu, ndiyo maana enaji seva haikukusumbua. Mstari mweusi katikati ya mwanga hauna bahati hiyo: majirani zake wanaufunika kutoka pande zote mbili.

Angalia kwamba kinachohesabika ni uwiano. Wollaston, mwanasayansi Mwingereza aliyeiona mistari michache ya jua mwaka 1802, alitumia ufa wa sehemu ya 20 ya inchi, yaani kama milimita 1.3, mpana kuliko wako. Lakini alisimama na prizimu yake umbali wa futi 10 hadi 12. Wewe huna boksi la mita tatu, basi punguza ufa.

Chukua nyembe mbili mpya. Bandika wa kwanza kwa selotepu juu ya tundu la boksi, egemeza karatasi ya kawaida ya printa kwenye makali yake, sogeza wembe wa pili mpaka uiguse karatasi, bandika, kisha chomoa karatasi. Unene wa karatasi hiyo ni karibu milimita 0.1, na hicho ndicho kipimo unachokitaka. Kagua kwa kuelekeza boksi angani: ufa ukionekana mwembamba juu na mnene chini, nyembe hazikwenda sambamba, rudia.

Halafu achana na CD, tumia DVD. Nafasi ya mifereji yake ni nanomita 740, chini ya nusu ya ile ya CD. Kwa ufa wa 0.1 na umbali wa 300 unapata nanomita 0.25 kwa hesabu. Kwa vitendo ukipata nanomita 1 shukuru. DVD tupu ya kurekodia ni plastiki mbili zilizogundishwa. Ikate kwa mkasi, ingiza ncha ya wembe pembeni kati ya tabaka, ipasue taratibu. Nusu moja itabaki na karatasi ya fedha. Nusu nyingine ni angavu yenye rangi ya zambarau. Isuuze kwa spiriti bila kuisugua, rangi itoke. Tumia kipande cha ukingoni mwa diski, kwa sababu huko mifereji haijapinda sana, na kisizidi sentimita 1 kwa upana.

Mambo matatu yanayoharibu kazi hata kama ufa ni mzuri:

Mifereji lazima iwe sambamba na ufa. Ikikaa upande, mistari inalala mshazari na kutanuka. Zungusha kipande kidogo kidogo huku ukitazama enaji seva mpaka mistari isimame na kuwa myembamba kabisa, ndipo ugundishe.

Kamera lazima ikae kwenye pembe yake. Mwanga ukiingia wima kwenye kipande cha DVD, kijani inatoka kwenye nyuzi 48 hivi. Zambarau ya nanomita 400 iko kwenye 33 na nyekundu ya 700 kwenye 71. Kwa CD kijani ilikuwa kwenye nyuzi 20 tu, kwa hiyo tundu la zamani halitafaa, toboa jipya.

Na fokasi. Simu inapenda kushika uso wa plastiki ulio mbele ya pua yake, wakati picha ya ufa iko umbali wa sentimita 30. Weka fokasi kwa mkono, ifunge hapo.

Paka ndani rangi nyeusi isiyong'aa, ziba kona zote.

---

Nanomita546

Naongeza jambo moja kwa FundiLenzi kabla sijaenda kwenye swali la pili. Ukishapunguza ufa utaanza kuona mistari myeusi mingi kwenye jua, na wengi hushangilia hapo. Tazama inakwenda upande gani. Inayokimbia kutoka zambarau hadi nyekundu ni vumbi lililokaa kwenye wembe, basi. Mistari ya kweli imesimama sambamba na ufa. Futa nyembe kwa kijiti cha pamba.

Sasa vipimo. Enaji seva yako ni rula. Ndani yake kuna mvuke wa zebaki, na zebaki inatoa mwanga kwenye 404.7, 435.8, 546.1 na jozi ya njano 577.0 na 579.1, zote nanomita. Hazibadiliki kwa kampuni wala kwa bei ya balbu.

Piga picha, fungua kwenye programu yoyote inayoonyesha namba ya pikseli. Tuseme bluu ya 435.8 imeangukia pikseli 412 na kijani ya 546.1 pikseli 780. Tofauti ni nanomita 110.3 kwa pikseli 368, yaani nanomita 0.2997 kwa kila pikseli. Kwa kipimo hicho jozi ya njano inatakiwa iwe kwenye pikseli 883 na 890. Ukiikuta kwenye 886 na 893, usilazimishe mstari ulionyooka: nafasi kwenye picha hailingani sawasawa na urefu wa wimbi, maana mwanga unatoka kwa kanuni ya sini (sine) ya pembe na lenzi nayo ina upotovu wake. Chukua nukta tatu, pitisha mkunjo wa daraja la pili kwenye programu ya majedwali, kosa litashuka chini ya nanomita 1.

Angalizo la kijani: si mstari mmoja. Poda iliyopakwa ndani ya kioo ina terbiamu, inayong'aa kwa nguvu kati ya 542 na 544, na mstari wa zebaki umekaa pembeni yake upande wa nyekundu. Ufa mpana unaviunganisha, nawe unakuwa umepima katikati ya watu wawili. Nyekundu kali ya 611 hivi nayo si zebaki, ni europiamu ya poda hiyohiyo. Itumie kutambua eneo, usiitumie kupima.

Usiguse simu kati ya picha ya balbu na picha ya jua. Njia bora zaidi ni kuziba nusu ya chini ya ufa kwa kikaratasi, upige jua kupitia nusu ya juu, kisha uhamishe kikaratasi upige balbu. Ukiziweka picha juu kwa chini, kila mstari wa jua unasomeka dhidi ya rula.

Kile kiza kwenye LED ni halali. Balbu nyeupe ya LED ni chipu ya bluu yenye kilele karibu na 450, na poda ya njano inayomeza sehemu ya bluu hiyo na kuitoa upya kama mlima mpana wa kijani hadi nyekundu. Bonde kati yao liko karibu na 480.

---

mwl_maabara

Asanteni sana wakuu. Nyembe, DVD na rangi nyeusi vimekaa. Jua limekubali. Baada ya kupima kwa zebaki nasoma mistari hii: 485.8, 517.6 (mnene, kama miwili imeshikana), 527.3, 589.4, 656.9, na kiza kipana kwenye 688 mwishoni kabisa mwa nyekundu. Mingine naifahamu, ila hicho cha 688 sikikuti kwenye orodha ya elementi za jua.

---

Nanomita546

Hutakikuta. Ni oksijeni ya angahewa letu, Fraunhofer alikipa herufi B, na kinaanza kwenye 686.7. Piga saa sita mchana, kisha piga tena jua likikaribia kuzama: B inanenepa kwa sababu mwanga umepita kwenye hewa nyingi zaidi, lakini 656 haibadiliki hivyo kwa kuwa imezaliwa juani. Kuna nyingine kubwa zaidi, A, karibu na 760, ila kichujio cha infraredi cha kamera ya simu hakitakuruhusu uione vizuri.

Iliyobaki: 486.1 na 656.3 ni hidrojeni, 527.0 ni chuma hasa, 589.0 na 589.6 ni sodiamu, na huo mnene wa 517 ni magnesiamu, mistari mitatu ya 516.7, 517.3 na 518.4. Ukiweza kuutenganisha ule wa 518.4 na wenzake wawili, chombo chako kina afya. Ukitaka kuwaonyesha wanafunzi kwamba 589 ni sodiamu kweli, washa taa ya spiriti, chovya utambi kwenye maji ya chumvi, uweke mbele ya nusu ya ufa: mstari wa njano utasimama mahali palepale ulipo mweusi wa jua. Wanasayansi wa Ujerumani Kirchhoff na Bunsen walijenga elimu nzima ya kutambua elementi juu ya ulinganifu huo, na kwa njia hiyo wakagundua sesiamu mwaka 1860 na rubidiamu mwaka 1861.

---

PikseliTupu

Swali la tatu limerukwa, nalo ndilo linalopotosha zaidi. Jibu ni hapana, mwalimu, picha ya simu haikuruhusu kusema kijani ina nguvu kuliko nyekundu.

Spektra ni grafu: kiasi cha nishati kwa kila nanomita moja. Simu inakupa rangi. Kati ya hivyo viwili kuna vichujio vya nyekundu, kijani na bluu juu ya kila pikseli, kila kimoja na kiwango chake cha kupitisha mwanga. Kuna programu inayopandisha sehemu za giza, kiasi kwamba pikseli yenye 200 haina maana ya mwanga mara mbili ya pikseli yenye 100. Na kuna kushiba. Kijani ikifika 255 imegonga dari, hata iongezeke mara tatu itabaki 255.

Fanya hivi. Tumia hali ya kamera ya mkono, ISO 100, punguza muda mpaka kilele kisizidi 200 hivi. Simu ikiweza, hifadhi faili ghafi la RAW badala ya JPEG. Kisha piga balbu ya zamani ya nyuzi kwa mpangilio uleule. Joto la nyuzi zake ni karibu kelvini 2700, na mwanga wake unafuata kwa ukaribu kanuni ya Planck, ya mwanga wa kitu kulingana na joto lake, kwa hiyo unajua inapaswa kuwa na nguvu kiasi gani kwenye kila urefu wa wimbi. Gawanya ulichopima kwa kinachotakiwa: hapo una mkunjo wa unyeti wa chombo chako, na picha nyingine zote unazigawanya kwa mkunjo huo. Usiuamini chini ya 420, nyuzi hazitoi bluu ya kutosha na kelele ya kamera inatawala.

Hata baada ya hapo, ukiulizwa kilele cha spektra kiko wapi, uliza kwanza grafu imechorwa kwa kipimo gani. Jua lenye joto la usoni la kelvini 5772 lina kilele kwenye nanomita 502 ukichora kwa kila nanomita. Ukichora kwa kila hezi (kipimo cha masafa ya wimbi), kilele kinahamia karibu terahezi 340, ambayo ni nanomita 880 hivi, nje kabisa ya mwanga unaoonekana. Mwanga ni uleule. Nanomita moja kwenye 400 ina upana wa terahezi 1.87, kwenye 800 ina 0.47 tu, basi vipande vinavyogawiwa nishati havilingani. Wanaosema jua lina rangi ya kijani kwa sababu ya ile 502 wamesoma grafu moja wakaiacha nyingine.

---

mwl_maabara

Nimeelewa. La mwisho: enaji seva madukani zimekuwa adimu, zote ni LED siku hizi. Hii yangu ikiungua nitapima kwa nini?

---

FundiLenzi

Taa ya tyubu ya zamani, ile yenye choki na stata, ina zebaki ileile. Ukikosa, tafuta neoni: kitaa kilichomo kwenye bisibisi ya tester, au kile chekundu cha swichi ya ekstensheni. Mistari yake mizuri ni 585.2, 614.3, 640.2 na 703.2. Baadhi ya ekstensheni mpya zina LED nyekundu badala ya neoni. Utaijua kwa chombo chako chenyewe, neoni inapasuka kuwa mistari mingi ya machungwa na nyekundu, LED inabaki doa moja. Kitaa ni hafifu, kipe sekunde kadhaa za picha na simu iwe kwenye stendi.

Neoni haina kitu cha maana upande wa bluu. Huko ongeza leza ya kijani ya mkononi, ile ya 532.0 ambayo mwanga wake unatokana na 1064 iliyogawanywa kwa mbili. Imulike kwenye karatasi, usiielekeze kwenye ufa, itaharibu kamera na macho. Leza nyekundu usipimie. Diodi zake zinatofautiana kutoka 630 hadi 680, na joto linazisogeza.

Na enaji seva ikivunjika, fungua madirisha, watoe wanafunzi, okota vipande kwa karatasi ngumu, usifagie.