Boflo zangu haziuziki Kirumba. Ubaoni niandike nini?

BintiUnguja:
Mwangaluka wakuu (ndiyo, nimeshafundishwa salamu ya Kisukuma). Nimeolewa huku Mwanza, mwaka wa pili sasa. Nina kimeza changu Kirumba, si mbali na mwalo wa samaki, nauza boflo. Kwetu Unguja hata mtoto anaijua: kimkate cha ngano kisicho na sukari, ganda linakwaruza kidogo, ndani laini. Asubuhi unakichovya kwenye maharage ya nazi, mambo yamekwisha.

Nimeandika BOFLO 300. Siku ya kwanza mzee mmoja kaniuliza inatibu nini. Nikafuta, nikaandika SKONZI. Saa mbili asubuhi zote zimeisha! Kesho yake wamerudi kunisema: "Dada, skonzi gani haina sukari?" Mmoja kataka mia tatu yake. Nikaandika MKATE, wakauliza una slesi ngapi.

Nimechoka kufuta ubao, na unga ni ule ule. Niandike nini? Au nitie sukari yaishe?

Mtu_wa_Igoma:
Usitie. Skonzi tumekua nazo sisi: zimeshikana kwenye trei, mgongo unang'aa, tamu. Ukimtajia mtu skonzi, ulimi umeshajiandaa kwa chai. Hapo hata umpe mkate wa peponi, atanuna tu.

SatoMbichi:
Kumbe ni wewe! Nilichovya kwenye chai nikasikitika. Nusu iliyobaki nikala jioni na supu ya sato, nikajilaumu kwa nini nilinunua moja 😂

Mwambao001:
Pole dada, yalinikuta. Mie wa Mombasa, mahamri yetu yana tui na iliki, jina lenyewe limetokana na hamira. Nilipofika Mwanza nikaagiza maandazi, yakaja bila nazi hata harufu. Nikamlaumu mpishi bure, mwenzangu aliniletea maandazi nami moyoni nilikuwa nataka mahamri.

MnyegeziUghaibuni:
Niko Coventry, Uingereza. Kimkate cha duara kama chako hapa wanakiita batch. Ukifika Nottingham, safari isiyofika hata kilometa 100, ni cob. Manchester ni barm. Na watu wazima wanabishana mpaka jasho linawatoka. Kichekesho ni hiyo skonzi yetu: scone ya hawa haina hamira, inaumuka kwa baking poda, na siagi inafikichwa kwenye unga. Sisi tulichukua jina, mapishi tukawaachia wenyewe.

MamaSupu_Mwaloni:
Mdogo wangu, achana na Uingereza. Asubuhi hapo nani anakula? Wabeba samaki, wavuvi waliotoka ziwani usiku, abiria wa boti. Hao wanataka supu na chapati, na chapati zikiisha wanahangaika. Nenda kwa mama wa supu aliye karibu nawe, mwachie ishirini bila hela, jioni mhesabiane. Ubaoni andika MKATE WA SUPU. Akishasoma supu hatakuuliza sukari. Na asubuhi uzipashe moto, ganda likilegea umekwisha.

Mbishi_Halisi:
Kwa hiyo boflo ndiyo inazikwa hivyo? Mnamnyang'anya dada wa watu lugha yake. Aandike yote mawili.

Mtu_wa_Igoma:
Mbishi, na wewe utamnunulia ngapi?

Mbishi_Halisi:
Mimi ni mtu wa ugali.

BintiUnguja:
Ahsanteni, nilete mrejesho. Leo siku ya nne. Ubao unasema MKATE WA SUPU, chini yake kwa chaki ndogo: boflo. Dada MamaSupu, shikamoo, jirani yangu sasa anachukua arobaini kila asubuhi na ananidai nizidishe. Sukari sijatia.

Ila leo kaja abiria wa boti ya Ukerewe, mfuko begani. Kausoma ubao wote taratibu, juu hadi chini, kisha kaniambia, "Nifungie maandazi mawili ya kuoka."

Nimemfungia.